Kutembea kwa miguu katika viunga vya Marekani: anza na maili moja ya mraba

Mama alipokuja kunitembelea Brooklyn Park, Minnesota, siku ya nne alivuta kiti dirishani, akakaa akiangalia nje mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hakuna watu? Kuna msiba?" Hakukuwa na msiba. Ilikuwa Jumanne ya mwisho wa Mei, saa nne asubuhi, katika mtaa wa kawaida wa viunga vya Minneapolis: nyumba zimejipanga, majani yamekatwa, magari yameondoka na wenyewe. Mimi nilikuwa nimeishi hapo miaka miwili na mtaa wangu niliujua kupitia kioo cha gari tu.

Siku ile tulitoka kwa miguu. Tukaendelea kutoka karibu kila siku kwa miezi mitatu aliyokaa, nami sijaacha mpaka leo. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu kama mama, mzazi aliyekuja kuona wajukuu akajikuta anashinda ndani peke yake. Ni kwa mwanafunzi asiye na gari pia, na kwa aliyehamia juzi anayejua njia mbili tu, ya kazini na ya dukani. Mifano yangu inatoka Brooklyn Park na jirani yake Brooklyn Center, kwa sababu huko ndiko ninakokujua kwa nyayo. Utaratibu wenyewe utakufaa hata ukiwa Columbus, Dallas au Phoenix. Viunga hivi vilijengwa kwa ajili ya gari, hilo halina ubishi, ila ndani yake mna mengi ambayo mtu wa kwenye gari hayaoni hata akipita mara elfu.

Hatua ya 1: Chagua mraba wako

Ukitoka bila mpaka utazunguka nyumba kumi zinazofanana, utachoka, utarudi, na kesho hutatoka tena. Jiwekee eneo unaloweza kulimaliza.

Fungua ramani kwenye simu, uiweke kwenye picha ya setilaiti, uangalie barabara kubwa. Katika majimbo mengi kuanzia Ohio kwenda magharibi utaona zinachora miraba, na kila upande wa mraba una maili moja. Chanzo chake ni sheria ya mwaka 1785 iliyoagiza ardhi ipimwe katika maeneo ya maili 6 kwa 6, na kila eneo ligawanywe vipande 36 vya maili moja ya mraba. Mashamba yaliuzwa kwa vipande hivyo, barabara za wakulima zikapita kwenye mipaka yake, na nyumba za viunga zilipofika zikakaa ndani ya mistari ileile. Mraba mmoja wa namna hiyo ndio shamba lako la kuanzia. Maili moja ni kilomita 1.6, mwendo wa dakika 20 hivi bila kukimbizana na mtu.

Kwetu huku mistari hiyo ni 69th Avenue, 77th, 85th, 93rd na 101st. Angalia tofauti: kila baada ya namba 8 umetimiza maili. Namba zinaongezeka ukielekea kaskazini, na namba za nyumba zinafuata mkumbo huohuo, kwa hiyo nyumba namba 8712 kwenye mtaa unaokwenda kaskazini na kusini iko kati ya 87th na 88th. Mitaa hiyo ya kaskazini na kusini nayo imepewa majina kwa mpangilio wa alfabeti ukielekea magharibi. Utapita Noble, Orchard, Perry, Quail, Regent, uendelee hadi Yates na Zane, kisha herufi zianze upya: Adair, Brunswick, Colorado, Douglas. Si kila jina linajitokeza katika kila sehemu, lakini mpangilio haubadiliki. Mama alipoushika mpangilio huu, na Kiingereza chake ni cha kuhesabia, hakupotea tena. Alikuwa anasoma herufi ya kwanza kwenye kibao na kuniambia, "Tumebakiza mitaa mitatu kufika nyumbani."

Kama uko mashariki, Maryland au New Jersey au Georgia, mistari hii huko haipo. Chukua shule ya msingi au maktaba iliyo karibu iwe kitovu, uchore duara la mwendo wa dakika 20.

Ndani ya mraba ndiko kwenye kazi. Mitaa inapinda kama nyoka na mingi inaishia kwenye duara la lami ambapo gari hugeuza. Hilo lilikusudiwa. Tangu miaka ya 1930, shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, liliwashauri wajenzi waache mitaa iliyonyooka, wajenge iliyopinda na isiyotokea, ili magari ya wapita njia yasipite mlangoni kwa watu. Matokeo yake majirani wawili wanaopakana nyuma kwa uzio wanaweza kutenganishwa na kilomita nzima ya barabara.

Mtembeaji ana bahati ambayo dereva hana. Mara nyingi kwenye lile duara la mwisho, kati ya nyumba mbili, pana kijia cha lami chenye upana wa futi nane hivi, uzio huku na uzio huku, kinachotokea kwenye shule, bustani ya umma au mtaa wa pili. Kibao cha njano kilichoandikwa "No Outlet" kinamwambia mwenye gari kwamba hakuna pa kutokea. Wewe ingia ukaangalie. Ramani ya OpenStreetMap huonyesha vijia hivi vizuri kuliko ramani nyingi za madereva. Vitafute kabla hujatoka, maana kijia kimoja kinaweza kukuokolea nusu saa.

Mwisho, chora au chapisha ramani ya mraba wako kwenye karatasi. Kila mtaa ukiumaliza, upitishie kalamu nyekundu. Simu inaweza kukuwekea kumbukumbu, lakini karatasi kwenye mlango wa friji inakuita kila asubuhi.

Hatua ya 2: Msimu na saa

Minnesota mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, na Desemba linazama saa kumi na nusu jioni. Panga kwa kufuata hilo. Kuanzia Mei hadi Oktoba toka asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni baada ya chakula, watu wanapotembeza mbwa. Mchana wa siku za kazi ndio ule ukimya uliomtisha mama.

Januari baridi inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Unaweza kutembea hata hapo, lakini kwa robo saa, masikio na vidole vikiwa vimefunikwa, na kwa hatua fupi za bata kwa sababu barafu nyembamba juu ya zege haionekani. Phoenix na Houston mambo yako kinyume: majira ya joto toka alfajiri au usitoke.

Hatua ya 3: Jifunze kuvuka upya

Hapa nakuomba usome polepole.

Ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda, shingo yako imezoea kuangalia kulia kwanza, kwa sababu kwetu magari hupita kushoto. Marekani yanapita kulia. Gari la kwanza kukufikia unaposhuka kwenye ukingo linatoka kushoto kwako. Waliokulia Kongo, Rwanda au Burundi hawana shida hii, sisi wengine tunayo, na akili ikichoka inarudi kwenye mazoea. Wiki ya pili, kwenye Zane Avenue, mama aliangalia kulia, akaona kweupe, akashusha mguu. Nilimshika mkono wa gauni. Gari lilipita karibu kiasi kwamba upepo wake uliinua ncha ya khanga yake. Tangu siku hiyo tulikuwa tunasimama ukingoni na kusema kwa sauti, wote wawili: kushoto, kulia, kushoto. Semeni kwa sauti. Inasaidia.

Jambo la pili ni kona. Sehemu nyingi za Marekani dereva anaruhusiwa kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza. Akiwa anasubiri nafasi, macho yake yako kushoto yakitafuta magari, na wewe unaanza kuvuka ukitokea kulia kwake. Hajakuona. Usipite mbele ya gari lililosimama kwenye kona mpaka dereva akutazame usoni, na ukiona amebaki na shingo kushoto, subiri.

La tatu ni barabara zenye njia mbili kila upande. Gari la njia ya karibu linasimama kwa wema, dereva anakupungia mkono upite, nawe unapita. La njia ya pili haliwezi kukuona kwa sababu lile la kwanza limekuziba. Ukifika usawa wa taa za gari lililosimama, simama, chungulia, ndipo uendelee.

Kwenye taa bonyeza kitufe kilicho kwenye nguzo, la sivyo sehemu nyingi alama ya kuvuka haitawaka kabisa. Alama nyeupe ya mtu ikiwaka, anza. Mkono wa rangi ya machungwa ukianza kumweka huku namba zinahesabu kurudi nyuma, aliye katikati amalize na aliye ukingoni abaki. Kisheria, Minnesota, kila makutano ya barabara ni kivuko hata kama hakuna mistari iliyochorwa, na dereva anatakiwa kumsimamia mwenda kwa miguu. Madereva wengi hawalijui hilo, kwa hiyo ishike kama haki yako, lakini usiiamini kwa maisha yako. Mwaka 2022 waenda kwa miguu zaidi ya 7,000 waliuawa na magari nchini Marekani.

Mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu, na ni mingi, tembea upande wa kushoto ukielekeana na magari, ili uone kinachokuja. Vaa rangi inayong'aa.

Hatua ya 4: Jua mwisho wa ardhi ya umma

Nyumba nyingi za huku hazina ukuta wala geti. Kwa macho yetu yaliyozoea kuta zenye vipande vya chupa juu, uwanja unaonekana kama wa watu wote. Si wa watu wote. Majani ya mbele ya nyumba, njia ya gari inayoingia gereji na miti ya matunda ni mali ya mwenye nyumba hata kama hakuna uzio wa hatua moja. Pita kwenye njia ya miguu, au ukingoni mwa barabara kama haipo. Usikate kona kwenye majani ya mtu. Usichume ua wala tufaha lililoning'inia njiani. Sanduku la barua usiliguse kabisa, hilo lina sheria zake.

Vya kwako bila kuomba ruhusa ni mitaa ya umma, vijia vya lami, bustani za umma, njia za kando ya vijito, maktaba, na kwa kawaida viwanja vya shule jioni na wikendi pasipo na kibao kinachokataza. Maeneo ya magorofa ya kupanga na mitaa yenye geti ni ya binafsi hata kama barabara yake inaonekana ya kawaida.

Mbwa atakayekujia mbio akabweka na kusimama ghafla katikati ya majani kama aliyegonga kioo, usimshangae. Kuna waya umefukiwa ardhini, na ukosi wake unamshtua akiuvuka. Wewe endelea na mwendo wako, usikimbie. Mabata bukini wa Kanada ndio wa kuogopwa zaidi mwezi Mei na Juni, wakiwa na vifaranga. Dume likinyoosha shingo chini na kukoroma, zunguka mbali.

Hatua ya 5: Ukiwa Mweusi

Ningependa kuiruka hatua hii, lakini ningekuwa nimewadanganya.

Februari 2020 Ahmaud Arbery, kijana Mweusi wa miaka 25, alikuwa anakimbia katika mtaa wa makazi nje ya Brunswick, Georgia. Wanaume weupe watatu walimfuata kwa magari na mmoja wao akampiga risasi akafa. Novemba 2021 wote watatu walitiwa hatiani kwa mauaji. Na Brooklyn Center hii ninayoisifu ndiko Daunte Wright, miaka 20, alikouawa kwa risasi ya polisi Aprili 2021 baada ya kusimamishwa akiwa kwenye gari. Mtembeaji Mweusi anayajua haya kila anapofunga kamba za viatu.

Siwezi kukuambia usiogope. Ninaweza kukuambia ninavyofanya. Mwezi wa kwanza nilitembea mchana tu, na kila mara na mtu. Nilipita mitaa ileile kwa saa zilezile mpaka watu wakanizoea, ndipo nikasogea mbele. Sisimami muda mrefu mbele ya nyumba moja, na sipigi picha madirisha wala watoto wa watu. Kamera za kengele ziko karibu kila mlango, kwa hiyo najua naonekana, nami nataka nionekane ninatembea tu. Nikikutana na mtu nainua mkono na kumsalimu mimi kwanza. Nyumbani wanajua nimepita wapi na narudi saa ngapi.

Polisi akikusimamisha, acha mikono ionekane, usiingize mfukoni ghafla, jibu kwa utulivu, na una haki ya kuuliza kama uko huru kuondoka. Mzazi asiyejua Kiingereza mwandalie kadi yenye anwani ya nyumbani, namba yako ya simu na sentensi moja inayosema ni mgeni wa nani na anazungumza Kiswahili. Mama aliiweka ya kwake kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kijipochi cha shingoni.

Brooklyn Park ina watu zaidi ya 86,000 kwa sensa ya 2020, na zaidi ya nusu yao si weupe. Waliberia ni wengi sana, Wakenya wapo, Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wapo. Hilo limenirahisishia. Anayeishi penye weupe watupu ana kazi kubwa kuliko yangu, na namshauri aanze na mwenzake mwenyeji wa mtaa.

Hatua ya 6: Zisome nyumba

Watu husema nyumba za viunga zote ni sawa. Wamezitazama kwa kasi ya maili 35 kwa saa.

Anza na gereji. Nyumba ndogo ya ghorofa moja na nusu, paa limesimama, gereji imejitenga nyuma au haipo, hiyo mara nyingi ni ya miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Nyumba ndefu iliyolala chini, paa la mteremko mdogo, ni ya miaka ya 1950 na 1960, na Minnesota wanaiita rambler. Ukifungua mlango ukajikuta kwenye ngazi, nusu ipande na nusu ishuke, uko kwenye miaka ya 1960 mwishoni au 1970. Gereji ya magari matatu ikisimama mbele kuliko sebule, umefika miaka ya 1990 na kuendelea.

Ukishazijua hizo, fanya safari moja ndefu: kutoka 69th Avenue hadi 101st, maili 4 kuelekea kaskazini. Huku mji ulikua kutoka kusini, upande wa Minneapolis, kwenda kaskazini, kwa hiyo miguu yako inapita miaka. Unaanza na vijumba vya baada ya vita vyenye miti mikubwa inayogusana juu ya barabara. Kadiri unavyopanda miti inapungua kimo, mapaa yanapanuka, gereji zinanenepa. Karibu na 101st unakuta Eidem Homestead, shamba la mwishoni mwa karne ya 19 linalotunzwa na mji, lina nyumba yake ya mbao na ghala. Eneo hili lote lilikuwa la viazi. Mama, ambaye amelima maisha yake yote, aliinama akachukua udongo wa pembeni mwa njia, akausugua kwa kidole gumba, akasema, "Mchanga mwingi. Viazi vinaupenda." Ndipo nikaelewa kwa nini huku palilimwa viazi.

Soma chini pia. Vijibendera na mistari ya rangi iliyopulizwa kwenye majani ina maana: nyekundu ni nyaya za umeme, njano ni gesi, rangi ya machungwa ni simu na intaneti, bluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka. Mtu akitaka kuchimba hupiga simu 811 kwanza, wanakuja kumchorea. Ukiziona rangi hizo ujue wiki hiyo kuna fundi anakuja.

Kuna jambo lisiloonekana kwa macho, na nadhani kila mmoja wetu anapaswa kulijua kuhusu mtaa anaokanyaga. Hati nyingi za viwanja vya kaunti yetu ya Hennepin ziliandikwa sharti kwamba asiye mweupe asinunue wala kuishi hapo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi kutekelezwa na mahakama, Minnesota ikapiga marufuku kuandika mapya mwaka 1953, na sheria ya makazi ya 1968 ikayakataza nchi nzima. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi uitwao Mapping Prejudice, ulioanza mwaka 2016, uliosoma hati hizo moja moja na kuziweka kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Itafute, weka kidole kwenye njia unayotaka kupita, kisha nenda ukapite. Nimetembea kwenye mitaa ya namna hiyo nikiwa na mwanangu begani.

Hatua ya 7: Fuata maji

Ukishamaliza mraba wako, acha barabara na ufuate kijito. Karibu kila kiunga kina kimoja, na kwa sababu pembeni mwa maji hapajengeki, ndipo miji ilipoweka njia za watembeaji.

Chetu kinaitwa Shingle Creek. Kinapita Brooklyn Park, kinaingia Palmer Lake ndani ya Brooklyn Center, kinashuka hadi mto Mississippi kaskazini mwa Minneapolis. Njia ya lami inakisindikiza sehemu kubwa. Palmer Lake ni kinamasi zaidi kuliko ziwa, kimezungukwa na matete, na asubuhi utaona korongo amesimama kama amesahauliwa, na paa wa huku wakinywa maji huku lori linanguruma nyuma ya miti. Ukitoka kwenye majani marefu kagua soksi na nyuma ya magoti: kupe wa huku wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Mmea wenye majani matatu matatu usiushike, unawasha wiki nzima.

Shuka na maji mpaka yalipokuwa maduka ya Brookdale. Hapo patazame vizuri. Mwaka 1956, huko Edina kusini mwa Minneapolis, lilifunguliwa jengo la Southdale, lililobuniwa na Victor Gruen, msanifu mzaliwa wa Vienna. Lilikuwa jengo la kwanza Marekani la maduka mengi yaliyofunikwa yote chini ya paa moja lenye joto na ubaridi wa kupangwa, na yeye alitaka watu wa viunga wapate mahali pa kutembea kama katikati ya miji aliyoijua. Brookdale, ndugu yake wa kaskazini, lilifuata 1962. Kijito kilizikwa kwenye kalavati, kikapita chini ya lami ya kuegeshea magari. Brookdale likafungwa 2010, likabomolewa karibu lote, na mahali pake pakajengwa maduka ya kawaida, likiwemo Walmart lililofungwa 2023. Sehemu ya kijito ikafukuliwa, ikarudishiwa jua. Leo unaweza kusimama pale na mfuko wako wa unga wa mahindi na kuyaona maji yaliyokaa gizani karibu miaka hamsini.

Hatua ya 8: Choo, maji ya kunywa na kurudi

Choo cha uhakika ni maktaba ya umma. Hakuna atakayekuuliza unafuata nini, na viti vipo. Kwenye njia ya Shingle Creek kuna Brookdale Library. Baada ya hapo ni maduka makubwa ya chakula, kisha sheli. Bustani za umma huwa na vyoo vya plastiki majira ya joto. Beba maji yako, maana mabomba ya kunywa hufungwa kabla ya baridi.

Usijilazimishe kurudi kwa miguu. Nenda upande mmoja, rudi na basi. Kituo cha mabasi cha Brooklyn Center kina njia za mabasi za C Line na D Line zinazokwenda Minneapolis, pamoja na mabasi ya viunga. Angalia ratiba kabla, kwa sababu hili si daladala: likikupita unaweza kukaa nusu saa.

Hatua ya 9: Watu

Wapo. Siku za Alhamisi hadi Jumamosi, kuanzia Mei, utaona kibao cha kadibodi kwenye kona chenye mshale. Ufuate. Mtu amefungua gereji yake na kupanga mezani vitu anavyouza: vyombo, nguo za watoto, baiskeli. Hapo unaruhusiwa kuingia, kushika, kuuliza bei na kuzungumza, na mwenye nyumba ambaye wiki nzima hukumwona ana muda wote wa dunia. Mama alinunua sufuria nzito ya chuma kwa dola mbili kutoka kwa bibi mmoja wa makamo yake. Mimi nikitafsiri, wakazungumza dakika arobaini kuhusu nyanya. Wiki iliyofuata tulipopita, bibi yule alikuja mpaka ukingoni mwa njia na miche mitatu kwenye kopo la mtindi.

Angalia pia visanduku vya vitabu vilivyosimama kwenye nguzo mbele ya nyumba, kama kibanda kidogo cha njiwa chenye mlango wa kioo. Vilianza mwaka 2009 Hudson, Wisconsin, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu. Chukua kitabu, acha kingine ukiwa nacho. Tuliacha vitabu viwili vya watoto vya Kiswahili kwenye kisanduku cha karibu na Regent Avenue, na baada ya siku tano kimoja hakikuwepo.

Salamu za huku ni fupi: mkono, neno moja, mwendo unaendelea. Usizipime kwa zetu. Lakini pita mara ya saba mahali palepale na mtu atasimama.

Ramani ya mama bado iko kwenye friji. Mraba wa 85th hadi 93rd umejaa wino mwekundu isipokuwa kijia kimoja nyuma ya shule, kilichokuwa kimefungwa majira yote ya joto kwa matengenezo. Alikijaribu mara nne, akakuta kizuizi. Kilifunguliwa Septemba, wiki mbili baada ya yeye kupanda ndege. Napita pale karibu kila Jumapili, na kalamu nyekundu sijaigusa.